Ncha Zilizoelekea Ndani: Kisa cha El Monte

Anayezungushia nyumba yake uzio huwa anamwogopa mtu wa nje. Ndiyo maana ncha za vyuma na miba ya seng'enge hutazama nje, kwa mwizi. Mjini El Monte, karibu na Los Angeles katika jimbo la California nchini Marekani, palikuwa na nyumba za kupanga za orofa mbili ambazo vyuma vya uzio wake vilielekeza ncha ndani. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa mbao. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti 1995 maofisa wa serikali waliingia humo na kukuta watu 72 kutoka Thailand, wanawake 67 na wanaume 5, wakishoneshwa nguo chini ya ulinzi. Kuna waliokuwa wamekaa humo hadi miaka saba.

Kisa hiki nimekitumia mara nyingi ninapozungumza na watu juu ya biashara haramu ya binadamu, na karibu kila mara swali la kwanza ni moja: majirani walikuwa wapi? Ni swali la haki. Lakini linatukimbiza kwenye lawama kabla hatujakitazama kisa chenyewe vizuri. Ninavyokisoma mimi, El Monte haikukosa macho. Uzio ulionekana, mbao madirishani zilionekana, na hata serikali ilikuwa imenong'onezwa. Kilichokosekana ni watu walioshikana kiasi cha kulitoa jambo machoni na kulifikisha mikononi. Watu hao walipopatikana, waliyoyafanya yalikwenda mbali kuliko jengo lile.

Walivyofika humo

Wengi wao walikuwa watu wa vijijini ambao tayari walijua kushona, na baadhi walishafanya kazi viwandani Bangkok. Waliahidiwa kazi ya cherehani Marekani, mshahara mzuri na muda wa kupumzika. Hapakuwa na mtu aliyetekwa njiani kwa bunduki. Walipanda ndege wakiwa na matumaini, na waliowashawishi walikuwa watu wa nchi yao, wanaozungumza lugha yao. Kikulacho ki nguoni mwako.

Walipofika waliambiwa wanadaiwa gharama za safari, takriban dola 5,000 kila mmoja, na kwamba hawatatoka mpaka wamalize kulipa. Hapo ndipo kazi ilipogeuka kifungo. Waliamka asubuhi na kushona mpaka usiku wa manane, siku saba za wiki, kwa malipo yaliyofikia kama dola 1.60 kwa saa, wakati kima cha chini cha mshahara California kilikuwa dola 4.25. Walilala wanane au kumi katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya watu wawili, panya na mende wakiwapitia mwilini. Sabuni, chakula na dawa ya meno walinunua kwa waajiri wao wenyewe, katika duka lililowekwa kwenye gereji ya jengo, kwa bei iliyozidi ya sokoni mara kadhaa. Kwa hiyo walipolipa deni kwa mkono wa kulia, mkono wa kushoto uliendelea kukopa. Barua zao zilisomwa kabla ya kutumwa. Simu zilisikilizwa. Mmoja aliyejaribu kutoroka alipigwa, kisha picha yake ikaonyeshwa kwa wengine. Waliambiwa pia kwamba wakithubutu, ndugu zao huko nyumbani watadhurika. Kuna aliyejing'oa meno yaliyomuuma kwa mkono wake, kwa sababu kwenda kwa daktari hakukuruhusiwa.

Naomba tukae kidogo kwenye lile deni, maana watu wengi hupita juu yake haraka wakakimbilia uzio. Sisi tumelelewa na msemo kwamba dawa ya deni ni kulipa. Ni msemo wa watu waungwana, na muungwana ndiye anayenaswa. Mtu aliyewaahidi wazazi kwamba atatuma fedha, aliyeaga kijiji kizima, haoni kama ametekwa. Anaona kama ana jambo la kumaliza. Anajiambia: mwaka huu nitavumilia, mwakani nitakuwa huru. Uzio unazuia miguu, lakini deni humfanya mtu ajizuie mwenyewe, tena akiamini kwamba anatenda haki. Ndiyo sababu kampeni inayomwonyesha mhanga akiwa na minyororo mikononi humpita kando mtu mwenye deni la uongo. Atalitazama bango lile na kusema moyoni, huyo si mimi.

Kuna hoja nyingine inayojitokeza kila nikisimulia: si walikubali wenyewe? Mwaka 1995 hapakuwa na tafsiri ya kimataifa ya kujibu hilo. Waendeshaji wa El Monte walishtakiwa kwa makosa yaliyokuwepo, likiwemo la kuwatumikisha watu bila hiari, ambalo mzizi wake nchini Marekani ni marekebisho ya katiba ya mwaka 1865 yaliyokomesha utumwa. Tafsiri ilikuja Novemba 2000, Umoja wa Mataifa ulipopitisha itifaki inayojulikana kwa jina la mji wa Palermo. Itifaki hiyo inatazama mambo matatu: kitendo, kama kumsaka mtu, kumsafirisha au kumpokea, njia iliyotumika, kama vitisho, udanganyifu au kumtumia mnyonge, na nia ya kumnyonya. Pale njia hizo zilipotumika, ridhaa ya mtu haihesabiki. Kwa mtoto njia haiulizwi kabisa, inatosha kwamba alichukuliwa ili anyonywe. Hili lingefaa lisemwe kwa sauti katika kila kikao cha kuelimisha jamii, maana neno "alikubali" limewafunga midomo manusura wengi.

Waliojua nusu

Turudi kwa majirani. Eneo lile lilikuwa la makazi ya watu. Vitambaa viliingia, nguo zilizoshonwa zikatoka. Nikimweka jirani wa kawaida mbele ya nyumba ile, namwona akifikiri mambo kadhaa kwa pamoja: pengine ni familia inayoogopa wezi, pengine ni watu wa taifa lingine wana desturi zao, pengine nikiuliza nitaonekana mbaguzi, na hata nikitaka kuuliza, nitamuuliza nani? Mawazo haya si ya ukatili. Ni ya mtu aliye peke yake. Jirani mmoja mwenye wasiwasi hawezi kitu. Jirani aliyekwisha kuongea na mwenzake, anayemfahamu mtu wa lugha ile, na anayejua ofisi ya kwenda, huyo anaweza.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba wasiwasi ulishafika serikalini. Baada ya uvamizi ilijulikana kwamba idara ya uhamiaji ilikuwa imepata taarifa kuhusu jengo hilo miaka kama mitatu kabla, na jengo likaendelea kufanya kazi. Fikiria maana yake kwa mtu aliyekuwa ndani. Kila siku ya miaka hiyo mitatu kulikuwa na faili mahali fulani. Tunapowaambia watu "toeni taarifa", tunabeba wajibu wa kuhakikisha kwamba taarifa inayotolewa ina mtu wa kuifuatilia, na kwamba aliyeitoa ana mahali pa kurudi na kuuliza imefikia wapi. Vinginevyo tunawafundisha watu kunyamaza, kwa sababu aliyesema akapuuzwa hasemi mara ya pili.

Kilichobadili mambo ni habari zilizotoka ndani kupitia kwa aliyefanikiwa kutoroka, na safari hii zilikutana na watu walioweza kuzisikia kwa lugha yake. Mwaka mmoja tu kabla, mwaka 1994, Chanchanit Martorell alikuwa ameanzisha kituo cha maendeleo ya jamii ya Wathai jijini Los Angeles. Maofisa wa kazi wa California walipoingia El Monte, kituo hicho kilikuwepo kuwazungumzia na kuwasikiliza watu wale. Wazo la mtu anayegongewa mlango alfajiri na watu wenye sare, baada ya miaka ya kutishwa kwamba polisi watamfunga, halafu akasikia sauti inayomwita kwa lugha ya mama yake, hunigusa kila nilirudiapo. Kituo kile hakikuundwa kwa ajili ya siku ile. Kiliundwa kwa shida za kawaida za wahamiaji. Lakini kilikuwepo, na watu walikijua.

Waliookolewa wakafungwa

Sehemu hii wengi hawaijui. Baada ya kutolewa, wale 72 walichukuliwa na idara ya uhamiaji na kuwekwa kizuizini katika gereza la shirikisho la Terminal Island. Walivishwa sare za wafungwa. Sheria iliwaona kwanza kama watu wasio na vibali, na pia kama mashahidi wasiotakiwa kupotea. Walikuwa wametoka kwenye uzio mmoja wakaingia kwenye mwingine, na tishio la waliowatumikisha, kwamba mkitoka mtafungwa, likaonekana kuwa kweli.

Wanaharakati waliona mara moja hatari yake, na haikuwa kwa wale 72 peke yao. Kila mfanyakazi aliyekuwa amefichwa mahali pengine, akisikia kwamba waliotoka El Monte wako gerezani, angejikunja zaidi. Kwa hiyo wakahamia katika jengo la uhamiaji. Waliweka ofisi ya muda katika chumba cha kusubiria kilichokuwa chini ya jengo, wakafanya kazi kwa simu za umma, wakawa wanadai kuonana na watu wao na kudai waachiwe. Miongoni mwao alikuwa mwanasheria kijana mwenye umri wa miaka 26, Julie Su. Hawakukubali jibu la kesho. Baada ya zaidi ya wiki moja ya vuta nikuvute, Wathai wale waliachiwa, na baadaye wakaruhusiwa kubaki nchini kama mashahidi.

Kuachiwa kulizua mambo mengine mengi mara moja. Watu 72 wanalala wapi? Nani anawapeleka kwa daktari, nani anawatafutia kazi isiyokuwa kama ile, nani anakaa nao usiku wanaposhtuka? Hapa mwanasheria peke yake hafui dafu. Vilihitajika vyumba vya kulala, zahanati, watu wa dini, vyama vya wafanyakazi na wakalimani, na vyote vilipatikana kwa sababu watu waliokuwa na shughuli tofauti kabisa walikubali kwamba jambo hili ni lao pia. Nimeona kampeni zinazotumia nguvu zote kuwaambia watu wawatafute wahanga, bila hata kitanda kimoja kilichoandaliwa kwa atakayepatikana. Kampeni ya namna hiyo inaweza kumwumiza mtu mara mbili.

Wathai na Walatino

Sasa nifike kwenye kipande ambacho kwangu ndicho kiini. Waendeshaji wa El Monte walikuwa na karakana nyingine katikati ya Los Angeles, iliyokuwa wazi kwa macho ya wateja. Huko walifanya kazi Walatino, yaani watu wenye asili ya Amerika ya Kilatini, wakipiga pasi, kutia vifungo na kufungasha. Hawakufungiwa. Jioni walirudi majumbani. Lakini nao walilipwa chini ya sheria, kwa saa nyingi kupita kiasi, na El Monte ilipovunjwa walibaki bila kazi na bila malipo yao. Waandishi wa habari hawakuwafuata. Utumwa nyuma ya seng'enge ni habari, kibarua aliyepunjwa si habari.

Ingekuwa rahisi kuwaacha. Kesi ya Wathai ilikuwa na huruma ya nchi nzima, na kuchanganya madai kungeweza kuidhoofisha. Mawakili na wafanyakazi wenyewe waliamua kinyume: Wathai na Walatino wakaenda mahakamani pamoja. Mikutano yao ilikuwa ya taabu. Neno la Kithai lilipelekwa kwenye Kiingereza, kisha kwenye Kihispania, halafu jibu likarudi njia ile ile. Mkutano wa saa moja ulichukua saa tatu. Lakini ndani ya subira ile watu wakaanza kugundua kwamba nguo aliyoishona huyu ndiyo aliyoipiga pasi yule, kwamba bwana wao ni mmoja, na kwamba kila upande ulikuwa umezuiwa kuujua mwingine.

Nasisitiza hili kwa sababu neno "umoja" tunalitamka kwa wepesi mno. Umoja wa El Monte haukuwa wimbo wala fulana za rangi moja. Ulikuwa kukubali kusubiri tafsiri. Ulikuwa mwenye madai makubwa kukubali kutembea na mwenye madai madogo. Na ulizaa matunda ambayo kila kundi peke yake lisingeyapata.

Kwa maana hawakuwashtaki waendeshaji tu. Hao walikiri makosa mwaka 1996 na kufungwa. Wafanyakazi waliyafuata pia makampuni yaliyoagiza nguo na maduka yaliyoziuza, yenye majina yaliyoshonwa kwenye lebo. Makampuni yalijitetea kwamba wao huagiza kwa mkandarasi, na yanayotendeka kwa mkandarasi hawayajui. Mwaka 1996 mahakama ya shirikisho ilikataa kuitupa kesi hiyo mapema, na mwishowe makampuni yakalipa jumla ya zaidi ya dola milioni 4, zilizogawiwa kwa Wathai na Walatino. Mwaka 1999 California ikatunga sheria ya kuwabana wenye kuagiza nguo wasikwepe mishahara ya wanaozishona. Sheria hiyo ilikuwa na mianya, na iliwabidi wafanyakazi wapigane tena mpaka mwaka 2021 ilipopitishwa nyingine kali zaidi. Mwaka 2000 Marekani ilipata sheria yake ya kuwalinda wahanga wa biashara ya binadamu, yenye kibali cha kuishi kwa mhanga, na El Monte ilikuwa miongoni mwa visa vilivyowafungua macho watunga sheria.

Tunaokitumia leo

Sitaki mtu akisome kisa hiki akaanza kutafuta seng'enge. Mahali pengi hazipo. Mtumishi wa ndani aliyenyang'anywa pasipoti hana haja ya kuzungushiwa uzio. Kijana aliyeahidiwa kazi ya kompyuta akajikuta katika kambi za utapeli wa mtandaoni Kusini-Mashariki mwa Asia alisafiri kwa tiketi halali. Mwezi Agosti 2023 ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 Myanmar na kama 100,000 Kambodia huenda walikuwa wakilazimishwa kufanya utapeli huo, na miongoni mwa waliopelekwa huko wamo watu kutoka Afrika. Makadirio ya dunia kwa mwaka 2021 yalitaja watu milioni 27.6 walio katika kazi za kulazimishwa. Ukiziondoa seng'enge, mashine yenyewe ni ile ile ya El Monte: ahadi kutoka kwa mtu wa kwenu, deni lisiloisha, hati na simu mikononi mwa mwingine, na hofu ya polisi.

Kwa hiyo tunapozungumza na jamii, nashauri maswali yaulizwe kwa namna mtu anavyoweza kujijibu. Pasipoti yako anakaa nayo nani? Deni lako limeandikwa wapi, na mwezi uliopita lilipungua au liliongezeka? Ukitaka kuacha kazi leo, nini kitatokea? Maswali haya matatu humfikia mtu ambaye picha ya minyororo haikumfikia. Na kwa jirani, ujumbe usiwe "kuwa mpelelezi". Anayevamia mlango au kumhoji mhanga mbele ya mwajiri wake anaweza kumponza. Aandike alichokiona, siku na saa, asitaje jina la mhanga hovyo, na alipeleke jambo kwa namba ya dharura ya nchi yake au kwa chama kinachofahamika kuwalinda watu hao. Kisha arudi kuuliza.

Kazi kubwa zaidi ifanyike kabla hapajatokea lolote. Mkalimani atafutwe sasa. Ofisa anayepokea taarifa ajulikane kwa sura, si kwa namba ya simu peke yake. Msikiti, kanisa, chama cha wafanyakazi na zahanati wakae meza moja na kugawana: nani analaza, nani anatibu, nani anasimama mahakamani. Na wahamiaji wenyewe waongoze, maana kule Los Angeles mlango haukufunguliwa na mtaalamu kutoka mbali, ulifunguliwa na jamii ambayo wahanga walikuwa watu wake.

Manusura wa El Monte hawakubaki kuwa picha ya huruma. Walitoa ushahidi, wakasimulia wenyewe. Mwaka 1998 jumba la makumbusho ya historia ya Marekani mjini Washington liliweka maonyesho yenye vitu vilivyotolewa katika jengo lile, ingawa baadhi ya wafanyabiashara wa nguo walipinga. Mwaka 2008 baadhi ya manusura walikula kiapo cha uraia. Mwaka 2023 Wizara ya Kazi ya Marekani iliwaingiza katika orodha yake ya heshima, na aliyekuwa akikaimu uwaziri wa kazi mwaka huo alikuwa Julie Su, yule mwanasheria kijana aliyekataa kuondoka kwenye chumba cha chini cha jengo la uhamiaji mpaka wateja wake watoke.